The Lord of the Rings: steringi alirudi kijijini, picha ikatuficha alichokikuta

MTOTO WA DEKI (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite kushoto. Na ambaye mpaka leo hajaiona The Lord of the Rings, zile picha tatu za Peter Jackson zilizotoka kwenye kitabu cha J.R.R. Tolkien, wakati picha ya mwisho ilitoka Desemba 2003, asije kulalamika kwamba nimemmalizia utamu.

Mimi sikuanzia kwenye kitabu. Nilianzia kibanda umiza, Morogoro, nikiwa darasa la sita: mabenchi ya mbao, madirisha yamezibwa kwa magunia, televisheni moja na deki inayopigwa kofi kila ikigoma. Mkanda ulikuwa wa kutafsiriwa, na mtafsiri alikuwa fundi. Gandalf hakumwita mchawi. Angethubutu, kibanda kizima kingemhesabu adui tangu dakika ya kwanza. Alimwita mganga. Na ile pete ya adui mkuu, ambayo safari nzima ni ya kwenda kuitupa kwenye mlima wa moto iyeyuke, hakupoteza muda kuieleza. Alisema "hii pete ina jini", tukaelewa wote, mpaka watoto waliokaa chini.

Kelele ilikuja mwishoni. Frodo, steringi aliyebebeshwa pete, kavuka mabwawa ya maiti, kachomwa na buibui, kabebwa mgongoni na Sam, mtunza bustani wake, kupanda mlima wa moto. Kazi iliyobaki ni kuachia vidole tu. Anageuka, anasema pete ni yake, anaivaa. Kibanda kilizizima. Steringi kashindwa! Kuna fundi gereji alikuwa nyuma kabisa, alisimama akadai arudishiwe hela yake.

Kitabu nilikuja kukipata chuoni, Dar, kwa wauza vitabu vya mtumba. Buku moja nene lenye juzuu zote tatu, gamba limeshikizwa kwa selotepu. Kilinichukua miezi minne. Ndipo nikajua kwamba yule fundi gereji alidai hela yake mapema mno, wizi wenyewe ulikuwa bado mbele.

Kwenye picha, vita ikiisha, mahobiti wanne (watu wafupi, Frodo na Sam wakiwemo) wanarudi kwao Shire. Nyasi za kijani, milango ya duara, wanakaa kilabuni na bia zao na hakuna mwanakijiji anayejua wametoka wapi. Sam anapiga moyo konde, anamfuata Rosie. Tumemaliza.

Kwenye kitabu wanafika darajani usiku, wamelowa na wamechoka, wanakuta geti. Geti, jamani, Shire! Wanagonga, wanajibiwa kwa woga na watu wao wenyewe kwamba amri ni kutomfungulia mtu usiku. Wakiingia, ukutani kuna karatasi ya kanuni, kila mstari unakataza kitu. Bia hakuna. Kuni za kuota moto ni za kubana. Mavuno yamebebwa na watu wanaojiita wakusanyaji na wagawaji. Kukusanya wamekusanya, kugawa ndiyo bado. (Wazee wetu waliopeleka mazao ghalani wakarudi na karatasi hawahitaji mtafsiri hapa.) Kesho yake wanakamatwa na mgambo. Mmoja wa mgambo hao ni mtu anayefahamiana na Sam tangu zamani, anamnong'oneza kwamba kazi yenyewe haitaki, ila kuacha hairuhusiwi.

Halafu miti. Njia ya kuingia kijijini ilikuwa na miti pembeni, imekatwa yote. Kinu cha zamani kimevunjwa, kimesimamishwa kingine kikubwa kinachomwaga uchafu mtoni. Mtaa aliokuwa akiishi baba yake Sam umegeuzwa machimbo ya mchanga na kokoto, na mzee mwenyewe kahamishwa. Na ule mti mkubwa, mliouona mwanzo wa picha ya kwanza siku Bilbo, mzee aliyemwachia Frodo pete, anatimiza miaka 111, umelala shambani. Wameukata wakauacha hapo hapo, hata kuni hawakuufanya. Sam aliyetoka Mordor, nchi ya adui, mzima mzima, anapasuka kulia mbele ya gogo.

Aliyefanya haya ni Saruman, mchawi aliyekuwa upande wa adui. Kapoteza jeshi, kapoteza mnara, nguvu iliyobaki ilikuwa ya kuwakomoa wadogo, na kwa hiyo ameitumia. Anafia mlangoni kwa Frodo, kakatwa koo na mtumishi wake mwenyewe, Wormtongue, aliyechoka kupigwa mateke. Kabla ya hapo kuna vita ya kijiji: mahobiti 19 wanakufa, na wavamizi karibu 70. Frodo siku hiyo hachomoi upanga. Kazi yake ni kuzunguka akiwazuia wenzake wasiwaue waliokwisha kuweka silaha chini.

Kwenye picha hakuna hata dakika moja ya haya. Kuna kipande tu kwenye picha ya kwanza, Frodo anachungulia kioo cha Galadriel, bibi wa msitu wa Lothlórien, na kuiona Shire inaungua, kama onyo la kitakachotokea wakishindwa. Kwenye kitabu wanashinda, na Shire inaharibiwa vile vile.

Peter Jackson kwangu ni bingwa, na Tuzo 11 za Oscar za picha ya tatu sina ugomvi nazo. Lakini aliacha nje sura ambayo J.R.R. Tolkien mwenyewe aliandika kwamba ilikuwemo kwenye mpango tangu mwanzo. Watu walikuwa wakimwambia ile Shire iliyoharibiwa ni Uingereza ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Akakataa. Akasema mizizi yake ni ya zamani zaidi: mahali alipokulia palikuwa pakiharibiwa kabla hajatimiza miaka kumi. Huyu ni mtu aliyekuwa Somme mwaka 1916, na kufikia 1918 marafiki zake wa karibu walikuwa wamekufa wote isipokuwa mmoja. Alijua kurudi ni nini.

Haya, nasubiri povu.

CHAI YA RANGI

Nimeweka mkeka hapa. Mwenye ile ya kutafsiriwa anicheki.

FUNDI REDIO

Mleta mada, uchungu wako naupata ila unaonea watu.

Picha ya tatu ina dakika 201. Pete ikishayeyuka bado kuna karibu dakika 20 za kuagana, na watu walilalamika dunia nzima kwamba ina miisho mingi: giza linaingia, unatafuta kandambili zako chini ya benchi, mara picha inarudi, unakaa tena. Sasa katika hali hiyo ndiyo unataka wafungue vita mpya ya kijiji? Adui mkubwa kashakufa. Huwezi kumlisha mtu pilau, akashiba, halafu ukamwambia subiri kuna ugali unakuja.

Kitabu unakiweka chini, unalala, unakishika kesho. Anayeangalia picha yuko kwenye kiti kimoja na kibofu kimejaa.

Halafu kumbuka ilikotoka. Kampuni ya kwanza, Miramax, ilikubali picha mbili, baadaye ikabana iwe moja. Moja! Hapo hata Rohan, ile nchi ya wapanda farasi, sijui kama tungeiona. Jackson akahamia New Line, na Bob Shaye wa huko ndiye aliyeuliza: si vitabu vitatu, mbona picha mbili? Wakazipiga zote tatu kwa mkupuo, New Zealand, kuanzia Oktoba 1999 mpaka Desemba 2000. Mimi nikikumbuka hilo, napunguza kudai.

Tena kuna mahali picha imekipiga kitabu bao. Kifo cha Boromir, yule msafiri mwenzao aliyejaribu kumnyang'anya Frodo pete. Kwenye kitabu mwenzao Aragorn anafika pambano limeisha, anamkuta kaegemea mti na mishale mwilini. Sisi wasomaji tunasikia baragumu tu kwa mbali. Picha ikatuweka pale pale: mshale wa kwanza, anapiga magoti, anainuka, anawapiga tena, wa pili, wa tatu. Kila nikiangalia namsamehe upya. Tolkien alituhadithia msiba, Jackson akatupeleka msibani.

BI KIDAWA

Hamjambo nyote? Mie wa Mombasa, naingia na la kwangu.

Hiyo Shire nilishawasamehe. Nisilowasamehe mpaka leo ni zile ngazi za Cirith Ungol, njia ya kuingilia Mordor. Ati Gollum, yule mwenye pete wa zamani anayewaongoza njia, kamwaga makombo ya mkate juu ya joho la Sam, na Frodo kaamini, na kamwambia Sam rudi nyumbani! Kwenye kitabu halipo jambo hilo hata kidogo, waingia pangoni pamoja. Sam huyo ndiye aliyejitupa mtoni asijue kuogelea ili asiachwe nyuma. Leo afukuzwe kwa makombo, naye ashike njia ashuke? Wallahi nilizima televisheni siku ile, nikaenda kuchambua mchele.

Faramir naye, nduguye Boromir, walimtenda. Wa kitabuni asema hata angeiona pete imeanguka njiani asingeiokota. Muungwana. Wa kwenye picha awaburuza watoto wa watu hadi mji wa Osgiliath, eti ampelekee babake zawadi.

Lakini Mtoto wa Deki, ulipogusia steringi kushindwa umegusa penyewe, na hukumaliza. Kitabuni, Gollum akishamng'ata Frodo kidole, yuarukaruka kwa furaha, aiangalia pete yake juu, mguu wateleza, aanguka. Hakuna aliyemsukuma. Kazi imemalizwa na mtu ambaye Bilbo alimhurumia, na Frodo akamhurumia, na hata Sam mwisho pale mlimani akashindwa kumuua. Hiyo huruma ndiyo iliyookoa dunia, mkono wa steringi haumo. Kwenye picha Frodo ainuka, amvamia, wang'ang'aniana, ndipo waanguka wote ukingoni. Waona walivyofanya? Wamemrudishia usteringi wake kwa mlango wa nyuma.

Hapo namtoa Andy Serkis. Yule alivyomcheza Gollum, ile ya kusemezana na nafsi yake usiku wenziwe wamelala, kitabuni ipo lakini haikunitoa chozi. Yake ilinitoa.

MTOTO WA DEKI

Bi Kidawa, shikamoo dada. "Usteringi kwa mlango wa nyuma", hiyo naichukua.

Fundi Redio, la pilau na ugali limenichekesha ila halinishawishi. Wewe unaihesabu Shire kama vita ya pili. Mimi naona ndiyo sababu ya safari. Mtu kaondoka kwao ili kwao pabaki salama, na amekaa nje mwaka mmoja na kidogo. Ukimaliza kwenye volkano umetuambia pete imeyeyuka. Hujatuambia kwao kukoje. Na angalia walichokifanya kwa Saruman: kwa kuwa Shire haipo, hawakuwa na mahali pa kumuulia, wakamkata kwenye toleo la sinemani kabisa. Christopher Lee, aliyemcheza Saruman na aliyekuwa akikisoma kitabu kile kila mwaka, alikasirika akasusa uzinduzi. Alikuja kuonekana akifa kwenye toleo refu la 2004, juu ya mnara wake. Mchawi mkubwa, ametajwa picha mbili nzima, halafu wa sinemani wanaambiwa tu kafungiwa mnarani.

Ila Boromir nakubali. Hapo nimefunga mdomo.

KIBAO CHA SHULE

Mmesifiana vya kutosha, niulize la upande wetu. Hivi ni mimi peke yangu niliyejiuliza kwa nini tembo wako kwa adui?

Wale Haradrim wanatoka kusini, nchi ya jua kali, wanapigana juu ya tembo wakubwa kama ghorofa. Kibandani kwetu watu waliwashangilia! "Wetu hao!" Mpaka Legolas, mpiga mishale wa upande wa kina Frodo, alipopanda mmoja na kumuangusha pamoja na waliokuwa mgongoni. Na kitabu ndiyo zaidi: kwenye vita ya Pelennor kuna mstari unataja watu weusi wa kusini ya mbali kwa kuwafananisha na nusu majitu. Nilisoma nikaweka kitabu chini, nikaenda kununua maji. Mzee huyu Tolkien alizaliwa Bloemfontein mwaka 1892, Afrika yetu hii hii, ingawa aliondoka akiwa na miaka mitatu.

Simtukani. Nasema tu msomaji mweusi akifika pale anajikwaa, na asiyejikwaa hajasoma kwa makini.

BI KIDAWA

Kibao, hapo wote twajikwaa. Lakini rudi nyuma, juzuu ya pili, wale wa kusini wavamiwapo msituni na watu wa Faramir. Mmoja aanguka amekufa karibu na Sam, uso chini. Mkono wake wa kahawia ungali umeshika upanga uliovunjika. Sam akaa ajiuliza: jina lake nani, katoka wapi, je alikuwa na moyo mbaya kweli au alidanganywa na kutishwa hata akaja mbali vile, na asingelipenda kubaki kwao kwa amani.

Mkono ule ule ulioandika ule mstari wako umeandika na huu. Kwenye picha maneno hayo alipewa Faramir, tena kwenye toleo refu. Nayo si sawa. Kamanda aliyetoa amri ya kuvamia akisema hivyo ni falsafa. Akisema mtunza bustani ambaye ndiyo mara yake ya kwanza kuona binadamu wakiuana, ni jambo jingine.

KIBAO CHA SHULE

Kipande hicho nilikipita mbio, nakumbuka nilikuwa natafuta tembo. Nitakirudia. Mstari bado sijausamehe.

MJUKUU WA KEYA

Huwa nasoma tu humu, sichangii. Leo kidogo.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Mwingereza. Walipelekwa Burma, mwaka 1944 walikuwa bonde la Kabaw, mvua na malaria vikiwaua kama risasi. Alirudi 1946 na koti la jeshi, godoro la kukunja na hela kidogo. Alikuta shamba lake la mtoni mdogo wake kaliuza, na aliyenunua kakata mikuyu yote ya ukingoni apande miwa. Mto ulikuwa umeingia ndani hatua kama thelathini. Hakumpiga mdogo wake. Ndugu wengine walitaka apigwe, yeye ndiye aliyewazuia. Hadithi hii tulisimuliwa na bibi, yeye mwenyewe hakuisema kamwe.

Kila mwaka vuli zikianza alikuwa ananyamaza. Wiki, wakati mwingine siku kumi. Bibi anatufukuza pale kibarazani, "babu yenu yuko safarini".

Sasa mimi kitabu nilikisoma kwa ajili ya uzi mwingine wa humu humu, miaka ya nyuma. Nikafika pale Frodo amerudi Shire, kila inapofika tarehe aliyochomwa kisu na tarehe aliyochomwa na buibui anaumwa, anajificha Sam asijue. Tarehe 6 Oktoba na 13 Machi. Nilisoma nikiwa kwenye daladala. Nilipitiliza kituo.

Picha inamuonyesha Frodo kashika bega, anasema miaka minne imepita na kidonda hakijapona, halafu anapanda meli. Wamejitahidi. Lakini kama kijiji kiko vile vile, bia ile ile, mtazamaji ataona mgonjwa ni yeye tu.

FUNDI REDIO

Mjukuu wa Keya, hapo umenikalisha. Pole kwa mzee. La pilau bado nalishikilia kidogo, ila nimepunguza sauti.

CHAI YA RANGI

Mikuyu ilirudishwa?

MJUKUU WA KEYA

Alipanda mwenyewe, upande wa pili, ambao haukuwa wake. Miwili ipo mpaka leo.

MTOTO WA DEKI

Nilikuwa nimeandika jibu refu la kumalizana na Fundi Redio, nimelifuta.

Nilete kitu kimoja tu ambacho hakuna aliyekitaja, tena ni kidogo kiasi cha kuingia mfukoni. Wakiondoka Lothlórien, Galadriel anagawa zawadi. Kwenye picha, toleo refu, Sam anapewa kamba, anauliza kama hakuna visu vingine, watu wanacheka. Kwenye kitabu kamba wanapewa kabla, kama vifaa tu vya safari. Zawadi yake ni kisanduku cha mbao cha kijivu, hakina pambo ila herufi moja kwenye kifuniko. Ndani kuna udongo wa bustani ya Galadriel. Anaambiwa hautamlinda njiani wala hautamsaidia na adui yeyote, ila akirudi akakuta kwao pamekuwa jangwa, aunyunyize.

Fikirieni, mtu anatumwa Mordor na anapewa udongo. Anaubeba mpaka huko na kurudi, kurasa mamia kwa mamia kitabu hakina shughuli nao, unasahau kama upo. Ndiyo maana ukiondoa kijiji kilichoharibiwa ni lazima ukiondoe na kisanduku, hakina kazi tena. Jackson alilazimika. Vimeshonwa pamoja.

Baada ya vita ya kijiji, Sam anazunguka Shire nzima kupanda miche palipokatwa miti, kila shimo anaweka punje moja ya ule udongo. Moja moja, kama mtu anayepima dawa. Unaobaki anaupeleka kwenye jiwe la katikati ya nchi, anaurusha hewani. Ndani ya kisanduku kulikuwa pia na mbegu moja, ya rangi ya fedha. Hiyo anaipanda pale ulipokuwa ule mti wa sherehe ya Bilbo. Majira yote ya baridi anajikaza asiende kuchungulia kila saa.

Picha na kitabu vinamaliza kwa neno lile lile, Sam kafika kwake, anasema amerudi. Hilo Jackson hakuligusa, na nampa heshima yake. Kwenye picha ule mlango wa duara unapofungwa, nje ni bustani ile ile tuliyoianza nayo. Kwenye kitabu miti aliyoipanda huko nje haijatimiza miaka miwili.

CHAI YA RANGI

Mkuu, hicho kitabu chako cha selotepu unakiazimisha?

MTOTO WA DEKI

Njoo na kitambulisho, na uniachie simu.